Msanifu Majengo na Kumbukumbu ya Mji

(Yafuatayo ni maelezo ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya watumishi wa umma na walimu.)



Katika Barabara ya Sokoine mjini Dar es Salaam, mkabala na bandari, lipo jengo la ghorofa moja lenye kuta nene za mawe ya matumbawe na mlango wa mbao wenye nakshi. Maelfu ya wafanyakazi hulipita kila asubuhi wakienda kazini, na wengi wao hawaligeukii. Jengo hilo huitwa Boma la Kale. Lilijengwa mwaka 1866 na 1867, zama za Sultan Majid bin Said wa Zanzibar, kwa ajili ya kupokea wageni wake katika mji mpya aliokuwa akiuanzisha kando ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki mwaka 1870, mji wake ukiwa haujakamilika. Mjerumani alipokuja alilikuta jengo hilo; Mwingereza alipokuja alilikuta; na Uhuru ulipopatikana mwaka 1961 lilikuwa bado limesimama. Kila utawala ulilitumia kwa shughuli zake.

Katika miaka ya 1970 jengo hilo liliponea chupuchupu kubomolewa. Leo ni kituo cha urithi wa usanifu majengo wa Dar es Salaam, ambamo wanafunzi na wageni huonyeshwa jinsi mji ulivyokua. Lau lingebomolewa, mwalimu wa historia angepungukiwa na ushahidi mmoja mkubwa kila anapowaeleza vijana asili ya jiji hilo, na angelazimika kuwaomba waamini maneno tu.

Kisa hicho kinazaa swali ambalo halina budi kuulizwa katika kila mji unaokua upesi. Ni nani hasa anayeamua kwamba jengo fulani liishi na jingine life? Mara nyingi lawama huelekezwa kwa mwenye fedha, ama kwa dereva wa mtambo wa kubomolea. Lakini yafaa ieleweke kwamba mtambo hufika mwisho. Kabla haujafika, kuna mtu aliyekwisha kukaa mezani na karatasi nyeupe mbele yake, akachora kitu kipya mahali penye kitu cha zamani. Mtu huyo ni msanifu majengo, ambaye siku hizi sheria humwita mbunifu majengo.

Hatari ya karatasi nyeupe

Kazi ya msanifu huanza kwa karatasi isiyo na kitu. Hapo ndipo ilipo hatari yake ya kwanza. Karatasi huonyesha mipaka ya kiwanja, vipimo vyake na mahali barabara inapopita. Haionyeshi kwamba chini ya mwembe ule wazee wamekuwa wakikutana kwa miaka hamsini, wala kwamba katika baraza ile ndiko kilikozaliwa chama cha ngoma au timu ya mpira. Msanifu asiyetoka ofisini kwenda kuona huanza kuamini kwamba kiwanja nacho ni cheupe kama karatasi yake. Akiamini hivyo, kubomoa huwa jambo jepesi, kwa sababu machoni pake hapana kinachobomolewa.

Msanifu wa pili hufanya kinyume. Kabla ya kuchora kipya hupima cha zamani. Hupima unene wa kuta, huhesabu boriti, huchora milango na madirisha, huuliza nani alijenga, lini, na kwa nini. Huenda baada ya hayo yote akashauri jengo libomolewe, maana si kila jengo kuukuu lastahili kuishi. Lakini atakuwa ameshauri akijua anachokiondoa, na mchoro wake utabaki kuwa shahidi.

Tofauti ya wasanifu hawa wawili ilidhihirika katika mji wa Warszawa, makao makuu ya Poland, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Baada ya majeshi ya Kijerumani kuuteka mji huo mwaka 1939, wasanifu wa Kijerumani walikaa wakachora ramani za kuugeuza kuwa mji mdogo wa Kijerumani, ambamo sehemu kubwa ya mji wa Wapolandi isingekuwapo tena. Ufutaji wa historia ya watu ulifanywa kwa rula na penseli, na watu waliosoma vyuo vikuu.

Wakati huohuo, walimu na wanafunzi wa usanifu majengo wa Chuo cha Ufundi cha Warszawa walikuwa na michoro ya vipimo vya majengo ya zamani ya mji wao, na waliendelea kuiongeza kwa siri huku wakihatarisha maisha yao. Miongoni mwao alikuwamo Profesa Jan Zachwatowicz. Baada ya wananchi kuasi mwaka 1944, Wajerumani waliuteketeza mji mtaa kwa mtaa, hata ilipofika mwisho wa vita takriban asilimia 85 ya mji ilikuwa imeharibiwa. Lakini michoro ilikuwa imetoroshwa na kufichwa katika monasteri ya Piotrków. Vita vilipokwisha michoro hiyo ilitolewa, na kwa msaada wake Mji Mkongwe wa Warszawa ulijengwa upya. Uwanja wake wa soko ukafunguliwa mwaka 1953. Mwaka 1980 mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hivyo taaluma moja iliweza kumtumikia anayefuta na ikaweza kumtumikia anayehifadhi. Kilichowatofautisha ni ile dhamira iliyoishika penseli.

Mkoloni na ramani

Nchi za Afrika Mashariki hazihitaji kwenda Poland kutafuta somo hilo. Dar es Salaam ilipofanywa makao makuu ya utawala wa Kijerumani mwaka 1891, mojawapo ya mambo ya kwanza yaliyofanywa ni kutunga kanuni za ujenzi. Kanuni hizo zilitaka sehemu ya ufukweni ijengwe kwa namna ya Ulaya. Hazikuhitaji kusema kwamba Mwafrika afukuzwe pwani. Zilitaja tu aina ya nyumba, na nyumba ya udongo, fito na makuti ikawa imekwisha kufukuzwa pamoja na mwenyewe. Miaka ya 1920 Waingereza waliendeleza mtindo huo kwa kuugawa mji katika maeneo matatu ya ujenzi. Ndiyo asili ya Uzunguni, Uhindini na Kariakoo, huku Mnazi Mmoja ukiachwa wazi katikati kama mpaka.

Kwa upande wa Zanzibar, msanifu wa Kiingereza Henry Vaughan Lanchester alitoa mpango wake wa mji mwaka 1923. Na kabla yake na baada yake, ghuba ndogo iliyotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ilikuwa mstari uliotenga pia maisha ya watu. Ghuba hiyo ilifukiwa, lakini jina la Ng'ambo lilibaki, likionyesha kwamba aliyeutaja mtaa huo alikuwa amesimama upande wa pili.

Basi msanifu wa kikoloni aliifuta historia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kubomoa. Njia ya pili, ambayo haionekani upesi, ni kuamua nani ajenge kwa jiwe na nani ajenge kwa udongo. Jiwe hudumu miaka mia na hamsini. Nyumba ya udongo isiyotunzwa huanguka baada ya masika machache. Kwa hiyo mtu anayetembea leo katikati ya jiji aweza kudhani kwamba mji ulijengwa na magavana, wafanyabiashara na wamisionari peke yao, kwa sababu majengo yao ndiyo yaliyobaki. Mafundi waliochonga mawe yale, wachukuzi waliobeba boriti, na akina mama waliowapikia, hawakuachiwa jiwe la kuwakumbusha.

Hoja tatu za wapinzani

Wapo wananchi, na miongoni mwao ni watu wenye uchungu wa kweli na nchi yao, wanaouliza: kwa nini taifa huru litunze majengo ya waliolitawala? Swali hili lastahili jibu la heshima.

Hapana budi kutofautisha kutukuza na kushuhudia. Sanamu ya mtekaji nchi aliyesimama juu ya nguzo hutukuza. Wajerumani walimsimamishia Hermann von Wissmann sanamu mjini Dar es Salaam. Waingereza waliiondoa, na mwaka 1927 ikasimamishwa sanamu ya Askari kuwakumbuka askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Ile ya Wissmann ilipelekwa Hamburg, na wanafunzi wa huko wenyewe wakaiangusha mwaka 1968. Hapana aliyepoteza historia kwa kuiangusha. Jengo ni jambo jingine. Jengo hubadilika maana kwa kubadilika kwa wakazi wake. Ikulu ya Dar es Salaam ilijengwa na Waingereza mwaka 1922 kwa mchoro wa John Sinclair, juu ya masalia ya kasri la gavana wa Kijerumani lililopigwa mizinga na manowari za Kiingereza mwaka 1914. Kuta hizo zilijengwa kwa ajili ya gavana. Lakini Watanzania wengi wanapoitaja Ikulu hawamkumbuki gavana yeyote, humkumbuka Mwalimu.

Tena kuna majengo ambayo thamani yake ni kushuhudia uovu. Mkunazini, Zanzibar, Kanisa Kuu la Kianglikana lilijengwa mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ushahidi wa mahali pale ukifutwa, atakayefarijika si mjukuu wa mtumwa. Na mjini Dar es Salaam, nyumba mojawapo ya zama za Majid inaitwa Atiman House, kwa jina la Adrian Atiman, mtoto wa Afrika Magharibi aliyekombolewa utumwani, akasomea udaktari Malta, akatibu wagonjwa Karema kando ya Ziwa Tanganyika mpaka alipofariki mwaka 1956. Nyumba ya enzi za watumwa inabeba jina la aliyekuwa mtumwa. Mwalimu apewe somo gani jingine lililo wazi kuliko hilo?

Hoja ya pili ni ya makazi. Watu wanahitaji nyumba, husemwa, na historia hailaliwi. Hoja hii ni nzito, na asiyeijali hana haki ya kuzungumza habari za miji. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964, Serikali ya Zanzibar iliazimia kumtoa mnyonge kwenye kibanda. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani ya Mashariki na kwa mpango wa mji wa mwaka 1968, nyumba nyingi za Ng'ambo zilibomolewa, na yakajengwa majumba marefu ya Michenzani ambayo wenyeji huyaita treni. Familia zilizohamia humo zilipata kuta imara, maji na umeme. Hapana mwenye haki ya kuyadharau mafanikio hayo. Lakini pamoja na vibanda iliondoka pia mitaa, visima, misikiti midogo, na viwanja vya ngoma ambavyo watu wa Ng'ambo walikuwa wameishi kwavyo vizazi kadhaa. Ubaya haukuwa katika kujenga. Upungufu ulikuwa katika kubomoa pasipo kuandika.

Upungufu huo ulikuja kutazamwa na Wazanzibari wenyewe. Kati ya mwaka 2013 na 2016, katika mradi ulioitwa Ng'ambo Tuitakayo, idara ya mipango miji ya Zanzibar pamoja na washirika wake ilipita mtaa kwa mtaa ikiwauliza wakazi mahali gani pana maana kwao na kwa sababu gani, na majibu yao yakatiwa katika ramani. Katika ramani hiyo kisima na baraza vilipata nafasi ambayo zamani ilitolewa kwa makasri peke yake. Na yale majumba ya treni nayo yamekwisha kuwa historia. Kijana aliyezaliwa humo huyahesabu kuwa kwao, na msanifu atakayependekeza kuyaondoa atapaswa kumjibu.

Hoja ya tatu ni ya gharama. Husemwa kwamba kutunza jengo la zamani ni ghali kuliko kujenga jipya. Mara nyingine ni kweli. Lakini mara nyingi jengo limekuwa ghali kwa sababu liliachwa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa methali hiyo haina fumbo lolote.

Maarifa ya chokaa

Beit al-Ajaib ya Zanzibar ilijengwa na Sultan Barghash mwaka 1883. Ilinusurika mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, ingawa majumba jirani yaliharibiwa. Jengo lililoshinda mizinga halikuweza kushinda maji. Mwaka 2012 sehemu yake iliporomoka. Na tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara wake ilianguka, na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe ulikuwa na mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985 na ulikuwa katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000. Sifa hizo peke yake hazikuushika ukuta.

Somo lake ni kwamba uhifadhi ni ufundi kabla ya kuwa fahari. Ukuta wa matumbawe na chokaa hupumua: hunywa unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Fundi asiyejua huja na saruji akiipaka juu yake kwa nia njema ya kuuimarisha. Saruji huziba, unyevu hufungiwa ndani, ncha za boriti zilizoingia ukutani huanza kuoza pasipo kuonekana, na siku moja dari hushuka. Kadhalika mfereji wa paa uliotoboka, ambao fundi mmoja mwenye ngazi angeuziba kwa nusu siku, huachwa misimu kumi mpaka ukuta wote ulegee. Vyumba vya nyumba za kale za pwani ni vyembamba kwa kuwa boriti ya mkoko haifiki mbali. Msanifu asiyeielewa sababu hiyo huvunja ukuta wa katikati ili apate ukumbi mpana, na kumbe ameondoa kilichobeba nyumba.

Maarifa hayo yalikuwa ya mafundi wa pwani, na yalirithishwa kwa mikono. Lamu, Kenya, msanifu Usam Ghaidan alifanya kazi kubwa katika miaka ya 1970 ya kuzipima na kuzieleza nyumba za mji huo, na Lamu ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Msanifu aliyefundishwa kwa zege peke yake hana budi kurudi shule kwa fundi mzee wa chokaa. Hapana aibu katika hilo.

Nyumba ya Kiswahili na Soko la Kariakoo

Ikiwa uhifadhi utaishia kwenye makasri, makanisa na mahoteli, basi utakuwa umeendeleza hukumu ile ile ya mkoloni. Kuna jengo moja ambalo limewalea watu wengi wa mijini kuliko jengo lolote jingine, nalo ni nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, ua nyuma wenye jiko na kisima au bomba, na baraza mbele. Katika nyumba hiyo Mmakonde alipanga chumba karibu na Mnyamwezi, na Mzaramo mwenye nyumba akawa jirani yao. Uani walipika pamoja na barazani walizungumza pamoja, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Harakati za kudai uhuru baada ya kuundwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954 zilipata watu wake katika mitaa ya nyumba kama hizo. Nyumba ya Magomeni aliyoishi Mwalimu Nyerere katika miaka hiyo imefanywa makumbusho, na hilo ni jambo jema. Lakini Kariakoo nyumba za Kiswahili zimekuwa zikitoweka moja baada ya moja, na mahali pake yakapanda maghorofa ya maduka. Si lazima zote zibaki, haiwezekani. Bali ni aibu kama mtaa mzima utatoweka pasipo hata nyumba moja kupimwa, kuchorwa, na historia ya wakazi wake kuandikwa.

Kariakoo ndiko pia iliko kazi inayowakumbusha wasanifu wazalendo wajibu wao. Jina lenyewe latokana na kikosi cha wapagazi wa Kiingereza cha Vita Kuu ya Kwanza kilichopiga kambi hapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 taifa lilitaka soko jipya, na kazi ya kulichora akapewa Beda Amuli, Mtanzania aliyesomea usanifu majengo Haifa na aliyekuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kuhitimu taaluma hiyo. Alichora paa la zege lenye umbo la miavuli iliyopinduliwa, linalotia kivuli, linalopitisha hewa, na linalokusanya maji ya mvua. Soko lilifunguliwa mwaka 1975. Wazo lake lilikuwa la kisasa, lakini chanzo chake kilikuwa ni kumtazama mchuuzi, jua lake na mvua yake.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko hilo liliungua. Wachuuzi wengi walipoteza mali zao, na hilo ndilo lililokuwa pigo la kwanza. Lakini swali la pili lilifuata palepale: libomolewe, au litengenezwe? Ilikuwa rahisi kusema kwamba jengo lililoungua halina maana tena. Serikali iliamua lile la zamani likarabatiwe na jingine jipya lijengwe kando yake. Amuli mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki, mwaka 2016. Hakuweza kuitetea kazi yake. Ilitetewa na waliomfuata. Uamuzi huo unaonyesha kwamba haja ya leo na kumbukumbu ya jana zaweza kukaa katika kiwanja kimoja, ikiwa wenye kuamua watakaa chini wakatafakari kabla ya kuagiza mtambo.

Wajibu wa mtumishi na wa mwalimu

Msanifu hafanyi kazi peke yake. Juu ya mchoro wake kuna saini ya mwenye mali, ya mpima ardhi, ya afisa wa mipango miji, na ya mhandisi wa halmashauri. Kwa hiyo mtumishi wa umma asidhani kwamba jambo hili ni la wataalamu wengine. Kibali cha kubomoa hupita mezani kwake.

Sheria yenyewe yahitaji kuangaliwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyojengwa baadaye hulindwa kwa kutangazwa rasmi. Mtumishi na azingatie maana yake. Boma la Kale ni la mwaka 1866. Takriban kila jengo la Dar es Salaam, ambalo mwalimu angependa kuwaonyesha wanafunzi wake, ni la baada ya tarehe hiyo. Soko la Kariakoo na nyumba ya Kiswahili ya Magomeni ni za juzi tu kwa kipimo hicho. Ulinzi wake hutegemea mtu fulani ofisini aandike, apendekeze, na afuatilie. Akinyamaza, sheria nayo hunyamaza.

Yapo mambo machache ambayo hayangojei fedha nyingi. Kwanza, kibali cha kubomoa jengo la zamani kisitolewe mpaka jengo limepimwa, limechorwa na kupigwa picha, na nakala kuwekwa katika Nyaraka za Taifa. Gharama yake ni ndogo mno ikilinganishwa na gharama ya ghorofa litakaloinuka. Pili, kila ofisi iliyomo katika jengo la zamani itenge katika makadirio yake ya mwaka fedha za mifereji, paa na chokaa, kama inavyotenga fedha za karatasi na mafuta ya gari. Tatu, orodha za majengo ya kuhifadhiwa zipitiwe upya ili nyumba ya mwananchi wa kawaida ipate nafasi pamoja na kasri. Nne, vyuo vinavyofundisha wasanifu viwapeleke vijana kwa mafundi wazee wangali hai. Na tano, msanifu aliyeombwa kubomoa awe na ujasiri wa kumwambia mwenye mali kwamba ipo njia nyingine, na amchoree njia hiyo; maana mteja wengi wao hubomoa kwa kuwa hawakuonyeshwa kwamba jengo la zamani laweza kupewa kazi mpya.

Kwa mwalimu, kazi ni nyepesi kuanza na ni nzito kwa matokeo. Hahitaji vitabu wala vifaa vya maabara. Anahitaji kamba ya kupimia, daftari, na ruhusa ya mwenye nyumba. Wanafunzi wa darasa moja wakipima nyumba moja kongwe ya mtaani kwao, wakamwuliza bibi anayeishi humo nani alijenga na nani walipita, watakuwa wamefanya hesabu, jiografia, Kiswahili na historia kwa siku moja. Na daftari zao zikitunzwa shuleni, baada ya miaka thelathini zaweza kuwa shahidi pekee wa mtaa uliokwisha badilika.

Ndugu watumishi na ndugu walimu,

Mji usiobadilika hauko hai, na hapana mwenye akili anayetaka Dar es Salaam, Zanzibar, Tanga au Bagamoyo zibaki kama zilivyokuwa. Watu wanaongezeka, nao wanastahili nyumba bora, masoko bora na shule bora. Linalotakiwa ni kwamba kila badiliko lifanywe na watu wanaojua wanaacha nini na wanachukua nini. Wahenga waliusia: usiache mbachao kwa msala upitao. Hawakukataza kununua msala mpya. Waliwaonya watu wasiutupe mkeka wao wa kale kabla ya kuutazama.

Mchoro unaopelekwa ofisini kuombewa kibali ni karatasi nyepesi. Afisa anayeipokea na ainuke kitini, avuke barabara, akaitazame nyumba yenyewe na kuzungumza na wakazi wake. Kisha ndipo atie saini.